Kibaraza Kilichouzuia Ustaarabu Kupita

Katikati ya miaka ya hamsini ustaarabu ulikuwa umekwisha kufika Iringa, ila haukuwa na pa kupita. Kizuizi, kwa mujibu wa Kamati ya Mji Safi, kilikuwa mafundi cherehani. Waliketi kwenye vibaraza vya maduka ya Uhindini, vipande vya nguo vikiruka hadi barabarani, na mpita njia aliyetaka kuwa wa kisasa alilazimika kuwazunguka.

Mmoja wao alikuwa Selemani Matano, ambaye babu yake alipanda kutoka Kilwa na bidhaa za biashara, akasahau kushuka. Selemani alikuwa akishonea kwenye kibaraza cha duka la Bipin tangu kabla ya vita. Hakuwa mwajiriwa wala mpangaji. Alikuwepo pale kama mlango ulivyokuwepo. Wanawake wa Kalenga walipopanda mjini siku ya soko, hawakuanzia dukani. Walianzia kwake. Selemani alimzungushia mteja tepu juu ya kanga, akatamka hukumu: "Yadi nne, mama. Na usichukue ile ya maua makubwa, watu watadhani ni pazia linatembea." Ndipo mteja akaingia kwa Bipin kununua yadi nne, na jioni akapanda lori la kurudi akiwa na gauni lake jipya.

Kamati ilikuwa na wajumbe Wazungu, Wahindi na Waafrika kwa viti sawa, ijapokuwa mitaani watu hao hawakuwa sawa kwa idadi wala kwa jambo jingine lolote. Kwa kawaida hawakukubaliana. Siku ya shauri la vibaraza walikubaliana wote, kwa kuwa hapakuwa na fundi kati yao. Bipin, mjumbe mwenye suti, aliinua mkono mapema. Aliamini kwamba wateja hufuata vitambaa vyake, na kwamba fundi aliegemea ukuta wake kwa hisani tu.

"Fundi," alimwambia asubuhi iliyofuata, "si mimi. Ni maendeleo."

"Naam, Bwana Bipin. Na maendeleo yaliinua mkono wa nani?"

Bipin alijishughulisha na kufuli la mlango.

Mafundi walipelekwa bondeni, ng'ambo ya machinjio, kwenye banda la bati lenye sakafu ya saruji. Mwenyekiti wa kamati, Mzungu mpole aliyependa ramani, alilifungua kwa hotuba ndefu kuhusu miji ya Ulaya, ambako kila kazi ina mtaa wake. Banda lilikuwa zuri kwa kila hali. Kasoro yake ilikuwa moja: hapakuwa na mtu aliyepita huko, isipokuwa ng'ombe, nao hawakuhitaji magauni.

Cherehani ya Selemani ikanyamaza. Mkewe, Mwantumu, hakunyamaza.

"Baba Jaha, shemeji yako Mbeya ametupatia kibaraza cha kushonea. Nakupa hadi mwezi uandame. Ukiandama nawe unashonea nzi, tunapanda basi."

"Mbeya kuna baridi, mke wangu."

"Na hapa kuna joto gani? Makaa yenyewe nimeazima kwa jirani."

Selemani alichochea makaa hayo ya kuazima. Mama yake amezikwa Iringa, na Jaha, binti yake wa pekee, alikuwa ameolewa mtaa wa pili na alikuwa na mimba ya kwanza. Kwenda Mbeya kulikuwa na maana ya kumwona mjukuu kwa barua.

Huko Uhindini kibaraza cha Bipin kilikuwa safi ajabu. Wanawake walisimama pale ilipokuwa cherehani, wakatazama saruji, wakauliza, "Fundi yuko wapi?", wakaondoka. Nani anunue kitambaa bila kuambiwa yadi ngapi? Bipin, mtu wa elimu, aliamua kutoa ushauri mwenyewe. Alimwuzia Damari wa Kalenga yadi saba. Siku ya soko iliyofuata lori zima lilikuwa na habari kwamba Bwana Bipin amempima Damari akamwona ni nyumba.

Mwezi ulipokaribia kuandama, Bipin aliteremka bondeni nyuma ya mkokoteni uliojaa majora.

"Fundi, nimeleta vitambaa vipate hewa."

"Hewa ya huku ni nzuri," alisema Selemani. "Machinjio yameiongeza nguvu. Weka hapo."

Wanawake wakafuata vitambaa, kwa kuwa sasa yadi na fundi vilikuwa mahali pamoja. Wenye maduka wengine wakafuata wanawake, wauza vitumbua wakafuata wote, na malori yakaanza kusimama huko. Mwezi ulipoandama, Mwantumu aliitazama cherehani inavyokimbia, akarudi nyumbani kufungua mzigo wa masufuria bila kusema neno, jambo ambalo kwake lilikuwa hotuba.

Kisha mwenyekiti alikuja kukagua, na gari lake halikupata njia. Mji ulikuwa umeota mahali ambapo ramani ilionyesha majani. Kamati ilikutana kwa haraka, ikaamua kwamba msongamano ni adui wa ustaarabu, na kwamba mafundi watawanywe katika vibaraza vya Uhindini, ambavyo kwa bahati njema vilikuwa vitupu. Bipin alikuwa wa kwanza kuinua mkono.

"Umeona, fundi?" Bipin alimwambia Selemani, aliyekuwa akiishusha cherehani mahali pake pa zamani. "Kamati inafanya kazi."

"Naona. Inaelekea imechoka."

Hakuwa ameketi vizuri Mwantumu alipotokea, kanga imepinda kwa haraka, na kumwambia kwamba Jaha amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Selemani alisimama, akawapita wateja waliomngoja, akaingia dukani.

"Bwana Bipin, nipe yadi moja ya kitambaa laini cha mtoto."

"Moja tu?" Bipin aliuliza, mkasi mkononi. "Una hakika inatosha?"

"Kata," alisema Selemani. "Yule wa yadi saba ni Damari."