Nesi wa Chumba cha Uani

Kila asubuhi nesi wa chumba cha uani alirudi toka zamu ya usiku amevaa miwani nyeusi ya mtumba, kanga ameishusha usoni, anapita haraka kama anakimbia mvua. Watoto wa mtaa wetu wa Makole wakamwita Kipofu. Dirishani alitundika blanketi zito, akalala. Jioni, kabla ya kwenda kazini, alikaa saa nzima barazani chini ya taa ya tyubu, uso ameuinua, mikono magotini. "Mwili unadanganyika," aliniambia mie, mpangaji mwenzake. "Asubuhi unaunyima mwanga, jioni unaushibisha. Niliwahi kusinzia wodi ya vichanga. Sirudii."

Mama mwenye nyumba hakupenda. Mchana, nesi kalala, alilivuta blanketi kwa nje. "Chumba kisichoingia jua ni cha mchawi!"

Nesi alitoka akipepesa macho. "Shikamoo mama. Nikisinzia, watoto wa watu wataangaliwa na nani?"

"Mie sijui. Mchana umeumbwa watu waonane."

Mara ya tatu blanketi lilipovutwa, nesi hakubishana. Alikunja nguo zake kona kwa kona, akajitwisha sanduku, akatoka. Mama akaita, "Wee nesi, hatujamaliza!" Hakugeuka, wala hakurudi.