Wimbo wa Njia ya Msituni

Leo nimebandua jani lililooza kwenye soli ya kiatu cha binti yangu. Harufu yake ikanirudisha kwenye njia ya mgongo wa mlima, juu ya kijiji cha Bweyeye, miaka ile watu wenye bunduki walipokuwa bado wanajificha msituni.

Tulikuwa wawili, mimi na Maman, tukienda kumwona bibi mgonjwa. Mvua ilikuwa imeangusha majani njia nzima. Yaliteleza kama sabuni, na mizizi iliyofichika chini yake ilinigonga vidole. Ghafla Maman akasimama. Mbele yetu palikuwa na alama ya buti. Maji ndani yake yalikuwa bado na tope, hayajatulia.

“Maman, ni nani?”

“Usiangalie nyuma. Imba na nguvu, basikie ni mama na mutoto tu.”

Tukaanza wimbo wa kanisani. Mkono wake ulinibana mpaka mifupa ikauma. Tulipofika kwenye kiitikio, sauti ya mwanamume ikatuitikia taratibu kutoka mitini, maneno yote akiyajua.

Maman hakugeuka wala hakunyamaza. Beti zilizobaki tuliziimba watatu.