Kichwa cha Nguru wa Winde

Ndugu zangu wa Unguja, mmeniuliza kwa nini nilifunga duka siku mbili, ilhali Bagamoyo imejaa wapagazi wanaotaka nguo. Nilikwenda Winde kumfuata mke wangu Mwanaidi na mtoto wetu wa kwanza, niliokaribia kuwapoteza kwa ulafi wangu.

Mwanaidi alikuwa amekwenda kujifungulia kwao. Arubaini ilipokwisha, baba yake, mvuvi, aliniletea nguru mzima ndani ya kikapu: mrefu kama mkono wangu, mgongo wa buluu, ubavu wa fedha, meno ya kukata hata kamba. Nyama yake imeshikana na miiba yake haisumbui, nami nilimla siku mbili bila haya. Kichwa niliwapa paka. Kikapu nilikirudisha na salamu nyingi.

Siku ya nne jirani yangu Bi Zena, mzaliwa wa Winde, aliniuliza nitaondoka lini.

"Kwenda wapi?"

"Kumchukua mkeo. Si umeletewa nguru? Kichwa umekifanyaje?"

Nilipomweleza, alikaa chini. "Masikini we. Kwetu mkwe akikuletea nguru, anakwambia njoo uchukue watu wako. Nawe unakipika kichwa, unampelekea mwenyewe ndani ya kikapu kilekile. Kikapu kikirudi kitupu, umewakataa."

Alfajiri ya kesho yake nilishika njia kwa miguu. Saa tatu nilifika kivuko cha Ruvu, viboko wakipumua upande wa juu, na mwenye mtumbwi akaniuliza mbona naenda ukweni mikono mitupu. Akanigawia nusu ya muhogo wake wa kuchoma, Mungu amzidishie, maana tangu jana sikuwa nimetia kitu kinywani. Toka hapo ni matope ya mikoko, kisha mchanga, na mimi njia nzima napanga maneno ya kuomba radhi.

Alasiri niliingia Winde. Mama mkwe alinipa maji ya kunawa, lakini hakunikaribisha ndani.

"Baba mtu yuko baharini," alisema. "Ngoja hapo barazani."

Nilimsikia Mwanaidi ndani akimbembeleza mtoto. Niliogopa kuliko nilivyoogopa viboko.

Jua lilikuwa bado juu mzee alipopanda kutoka pwani, nguru begani, vidole vimechanwa na mshipi wa kuvulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nilianza maneno yangu ya radhi, hakuyangoja. Alimlaza nguru miguuni pangu, akanipa kisu. "Jiko liko uani."

Nilikata kichwa, nikakitia nazi, ndimu na pilipili, na kwa haraka nikatia chumvi mara mbili. Mzee alikula mashavu, akala macho, akanyonya kila mfupa, nami nimesimama kama mshitakiwa. Kisha akanawa.

"Chumvi imezidi," alisema. "Kesho mchukue mkeo."

Nililia mbele yake, wala sioni aibu kuwaambieni. Mama mkwe akamtoa binti yangu, akaniwekea mikononi. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani.

Asubuhi tulianza kurudi watatu. Tulipokuwa tukingoja mtumbwi pale Ruvu, nilimwambia Mwanaidi kwamba Mungu ananipenda, maana nimefika siku ileile baba yake aliyopata nguru mwingine.

"Tangu kikapu kirudi anaingia baharini kila alfajiri," alisema. "Nguru wamemkatia mishipi mitatu. Mama alimwambia akupelekee changu, samaki ni samaki. Akasema, mtoto wa watu hakuelewa mara ya kwanza. Nitamwambia tena, kwa neno lilelile."

Sasa najua kupika kichwa cha nguru, ndugu zangu, na najua kikapu hakirudi kitupu. Lakini lililobaki moyoni ni hili: nilitembea kutwa nzima kwenda kuomba radhi kwa mtu ambaye siku zote hizo alikuwa baharini, anatafuta njia ya kunisamehe.