Tundu Mbele ya Goli

Bado naikumbuka asubuhi ile, mwanangu Furaha, kwa sababu ndiyo asubuhi ya baridi iliyonifanya mwongo. Nilikuwa kijana wa Tanga niliyepelekwa Ujerumani kusomea ufundi wa majokofu, na kwa mazoezi ya kazi wakanitupa kwenye klabu ya hoki ya barafu, katika mji mdogo wa milimani. Mtu wa Tanga na barafu! Mama alipoona picha yangu alidhani nimefungiwa ndani ya friji.

Fundi mkuu wa barafu alikuwa Mzee Otto. Mlangoni pa uwanja alikuwa na ubao mrefu ulioandikwa kwa penseli kuanzia juu hadi chini, na ubao huo ndio uliokuwa historia ya klabu. Mistari ya juu aliiandika baba yake, enzi ambazo wafanyakazi wa kiwanda cha mbao walikuwa wakicheza kwenye bwawa lililoganda: tarehe, na unene wa barafu. Baadaye bwawa likaachwa, ukajengwa uwanja wenye paa, klabu ikaanza kuwalipa wachezaji mishahara, ikafilisika, ikafufuka kwa jina jingine. Ubao ulihama nayo na mistari ikaendelea. Kila asubuhi unatoboa barafu kwa keekee mbele ya kila goli, unapima, unaziba tundu kwa maji, linabaki doa jeupe. Kisha ndipo unaandika.

Asubuhi ile ilikuwa ya mechi ya kuamua kama klabu itabaki ligi kuu. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Jana yake barafu ilikuwa sentimita tatu, nikajiambia, tangu jana itakuwa imekwenda wapi? Nikaandika tatu, nikaenda kunywa kahawa.

Kipindi cha pili nahodha wetu, Dieter, alikuwa analikimbilia goli. Chuma cha kiatu chake kikapasua barafu iliyokuwa imekonda, kikazama hadi kwenye sakafu ya saruji, kikakwama. Mwili ulisonga mbele, mguu ukabaki. Nilisikia mfupa ukivunjika. Tulifungwa, na klabu ikashuka daraja.

Watu wakasema Dieter amezeeka, miguu imemchoka. Nami nikanyamaza. Mwanangu, sijui nikueleze vipi zile siku tatu. Mtu akigonga mlango, najua wamegundua. Nikipita karibu na ubao natazama pembeni, na ile tatu yangu iko pale pale.

Siku ya tatu Mzee Otto aliniita mbele ya goli, akanyoosha kidole chini.

"Umeandika tatu. Doa lako liko wapi?"

Nikainama kulitafuta, halipo.

"Baba yangu aliandika siku ambazo barafu ilikuwa mbaya, watu wakarudi nyumbani bila kucheza, wakamtukana. Lakini hakuna aliyezama. Nenda kamwambie Dieter."

Nilikwenda hospitali. Nilimweleza Dieter yote.

"Kwa hiyo haikuwa miguu yangu," alisema, akafunika uso kwa mikono. Jana yake alikuwa amesaini barua ya kustaafu. Ningewahi siku mbili tu, asingesaini. Hilo linaniuma hadi leo, na mvi zote hizi.

Sasa tuko Midrand, huku kusini mwa Afrika, mwaka 2019, na mzee wa barafu wa uwanja huu ni mimi. Mama yako anaacha kusuka watu nywele kule Alexandra anakuja kunikumbusha kwamba amekukabidhi kwangu ujifunze kazi. Nakusemesha Kiswahili unanijibu kwa kuchanganya Kiingereza, sawa, nimezoea. Lakini wiki hii mgao wa umeme umetuzimia mitambo ya kugandisha mara mbili, na jenereta letu linawasha taa tu. Leo asubuhi umeandika tatu na nusu kwenye ubao wetu. Nilipokuuliza kama umepima, ukaniambia, "Eish, Babu, iko sharp," yaani iko sawa. Mimi nilikuwa chumba cha pili, na keekee sikuisikia. Nimeinama na mgongo huu mbele ya magoli yote mawili. Doa sijaliona.

Ndiyo maana nimekukalisha hapa. Andika ulichopima tu. Kama hukupima, acha wazi. Na ukikosea, sema saa hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajaubeba uongo wako mwilini mwake. Meneja akikasirika kwamba tumefunga uwanja, mlete kwangu, nitukanwe mimi.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe mkono usiochoka kupima na mdomo usioogopa kusema, na uzeeke bila kuwa na Dieter wako. Sasa inuka. Keekee iko mezani, na watoto wanafika kuteleza saa nne.