Vidonge Vinane Kwenye Kopo la Sukari

Asubuhi ile uani tulikuwa watano: mimi Tumaini; mdogo wangu Elisha wa darasa la sita; Upendo, wa mwisho wetu, mwaka mmoja na nusu; Mzee Saidi, mwenye duka na mwenye nyumba; na mkewe, Bi Zuhura. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki. Niliacha shule kidato cha pili, nikawalea wadogo zangu kwa kufua nguo za watu hapo hapo Chang'ombe.

Nilikuwa nasuuza mashuka. Upendo alikuwa mapajani kwa Bi Zuhura, anakohoa. Nikajifuta mikono, nikamfunua kifua na kuhesabu pumzi zake dakika nzima, kama nilivyofundishwa kituo cha afya mwezi uliotangulia, alipougua nimonia.

"Daktari wa kidato cha pili kaanza kazi," akasema Mzee Saidi. "Ngapi leo?"

"Thelathini na nane, mzee. Zikifika arobaini namkimbiza."

"Mie usinihesabu. Zangu zimebaki za kuazima."

Bi Zuhura akamwambia aende dukani kwake, kuna wateja.

Mchana milio ilianza upande wa barabara kuu, walikokuwa waandamanaji. Tulidhani ni matairi yanayochomwa. Kisha Elisha akaingia mbio, ndala mguu mmoja.

"Dada, ni risasi."

Tukafunga geti. Simu zikakosa mtandao. Likapita gari la matangazo likisema asitoke mtu.

Siku ya pili Upendo alikataa uji. Siku ya tatu asubuhi nilihesabu pumzi sitini na mbili, na kila alipovuta, nyama ya chini ya mbavu ilizama ndani. Nilifundishwa kwamba hiyo haisubiriwi.

Nikafungua kopo la sukari. Humo nilikuwa nimeficha vidonge vinane. Mwezi ule alipewa dawa ya siku tano. Siku ya tatu ya dawa akawa anacheza na ndoo yangu ya maji, nikasimamisha dawa, nikaiweka akiba. Kwetu mtoto akicheza amepona, na kinachobaki ni cha kesho. Nikayeyusha viwili kwenye kijiko, nikamnywesha. Akavitapika vyote.

Mzee Saidi alikuwa amesimama mlangoni.

"Huyu hapumui, anapigana," akasema. "Mfunge mgongoni, twende."

Bi Zuhura alimshika mkono. "Saidi, wewe mzee."

"Ndiyo maana. Nani atampiga mzee wa kanzu?"

Alichukua shuka jeupe kwenye kamba, moja ya yale niliyofua, akalishika juu. Tukapita vichochoroni. Niliisikia pumzi ya Upendo shingoni kwangu, fupi fupi.

Ilibaki barabara moja kufika kituo cha afya.

"Tangulia na mtoto," akasema. "Mie nakuja."

Nikavuka.

Ukasikika mlio mmoja.

Nilipogeuka, alikuwa amekaa chini, kaegemea ukuta, shuka magotini. Risasi ilitoka wapi sikuona. Alinipungia mkono niende.

Nikaenda.

Nesi alimwekea Upendo oksijeni, akamchoma sindano. Ndipo akauliza kama mwezi uliopita alimaliza dawa. Nikamwambia hapana.

"Siwezi kusema ndiyo sababu," akasema polepole. "Lakini dozi humalizwa, mdogo wangu, hata mtoto akicheza."

Upendo alipona. Mzee Saidi majirani walimkuta pale pale ukutani, ameshakata roho.

Sasa Upendo anakwenda chekechea. Kila Ijumaa Bi Zuhura humwita, humgeuza, humwekea sikio mgongoni. "Pumzi za Saidi hizi," husema. Upendo hucheka kwa sababu kipini cha puani mwa bibi kinamtekenya.

Bi Zuhura hajui habari ya vidonge. Huenda nimonia ingerudi hata kama ningevimaliza. Hilo sitalijua kamwe. Lakini mume ni wake, na neno hili ni haki yake. Ninadaiwa.

Mara tatu nimefika mlangoni pake na lile kopo, ndani yake vidonge sita vilivyobaki. Mara ya kwanza alikuwa anaswali. Ya pili alikuwa na wageni. Ya tatu alikuwa peke yake, akatazama mikono yangu.

"Umeniletea sukari, mwanangu?"

"Ndiyo, bibi," nikasema, nikarudi chumbani kwetu kulijaza kopo.