Aliyefuata Umuravumba wa Kike Hadi Kambini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua ndiyo kwanza linachomoza upande wa Burundi na kuupiga mteremko wa mawe juu ya Kavimvira, kaskazini mwa Uvira. Apollinarie Itangishaka, mwenye umri wa miaka 61, amepiga magoti kati ya majabali mawili. Anachimba shimo kwa kipande cha panga, anatia mche, anashindilia udongo kwa ngumi.

“Huu hautaki udongo muzuri,” anasema bila kuinua kichwa. “Unataka majiwe na jua. Ukiubembeleza, unaoza.”

Mche huo ni umuravumba, kichaka cha porini cha ukoo mmoja na mnanaa na mrehani. Majani yake hunata vidoleni na harufu yake haitoki upesi hata kwa sabuni. Kiangazi hupukutisha majani, kisha matawi matupu hujaa maua meupe yenye zambarau kwa mbali. Wengi hapa huchemsha majani hayo kwa ajili ya kikohozi. Apollinarie huyauza katika soko la Mulongwe pamoja na miche, na akija mteja mwenye homa, humwelekeza kwanza kituo cha afya.

Zamani mteremko wote ulikuwa mweupe kila Julai. Vita vya 1998 vikaumaliza.

Agosti ya mwaka huo, yeye na mumewe, Révérien, walivuka mpaka kwa miguu na watoto watatu. Kabla ya kuondoka alikata matawi kumi na mawili kutoka kichaka cha mlangoni, akayafunga kwa kitenge chenye maji.

“Bwana alinigombeza: watu wanabeba unga, weye unabeba kuni! Nikamwambia, minye nabeba kazi yangu.”

Waliporudi mwaka 2000, wenye silaha walikuwa wamefyeka vichaka ili waone barabara. Matawi yake, aliyoyaotesha ukimbizini na kurudi nayo, yalishika, yakachanua, lakini hayakutoa mbegu hata moja. Umuravumba una mmea dume na mmea jike, na yeye alikuwa amekata yote kutoka dume moja. Mvua kubwa iliyofuata ikaozesha kumi.

“Yote ilikuwa mwili moja,” anasema. “Ugonjwa ukipata mumoja, umepata yote.”

Jike pekee alilolijua lilibaki ukingoni mwa kambi ya wanajeshi. Julai 2001 alikwea huko na wifi yake, Victoire. Walikamatwa kabla ya kufika.

“Nani amewatuma?” kamanda aliuliza.

“Hakuna muntu. Tunatafuta umuravumba wa kike.”

Wanajeshi waliangua kicheko. Kamanda hakucheka. Aliwaweka juani hadi saa tisa, akiamini ni wapelelezi. Victoire alilia. Apollinarie aliomba kusema.

“Nikamwambia, komanda, twende nikuonyeshe. Kama nadanganya, fanya unachotaka.”

Walikwenda. Apollinarie alichomoa tawi la dume alilokuja nalo, akaliweka kando ya jike: la dume lina mikia mirefu ya maua iliyolegea, la jike lina mikia mifupi iliyoshikana. Kamanda aliyatazama yote mawili, kisha akampa kisu chake.

“Kata matatu. Nisikuone tena hapa.”

Mawili yalikauka. La tatu likashika. Kiangazi cha 2003, baada ya nyuki kupita, Apollinarie alisugua ua lililokauka kiganjani, zikadondoka mbegu nyeusi, ndogo kama vumbi.

“Nilipiga kelele. Révérien akakuja mbio, alidhani ni risasi.”

Tangu hapo miche yake imekanyagwa mara mbili na watu waliokimbia mapigano mapya. Mara zote mbili alipanda upya. Leo anafanya kazi na wanawake wanane, Victoire akiwemo, kuurudishia mteremko vichaka vyake, na wamebakiza hatua kama mia mbili kufika kwenye korongo ulikoishia mteremko. Anataka wafike kabla mvua hazijakatika.

Na vita vikirudi?

“Tutakimbia, miguu iko,” anasema, akipangusa mikono kwenye kitenge. “Lakini sasa mbegu iko inaanguka yenyewe. Hainingojei tena.”