Tenga Litarudi, Joto Halirudi

Ipo siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, na ndoa zenyewe nimefunga mbili. Nilikuwa msichana mdogo, naishi na bibi yangu Nyamizi hapa hapa Tabora. Bibi alikuwa na kuku anayeatamia ndani ya tenga, pembeni ya jiko, na mayai yalikaribia kuanguliwa. Bibi katoka kuokota kuni. Akaingia jirani, mama mwenye harusi, kwake wamekosa cha kubebea mchele. Akamwinua kuku, akayapanga mayai sakafuni kwa adabu kabisa, akaondoka na tenga. Mimi ningesema nini? Siku zile mtu mzima akiingia jikoni kwenu ni mama yako.

Nikuambie, mwanangu, sisi wa Tabora kuazimana tumezaliwa nako. Mji huu ni mji wa njia. Wazee walitusimulia misafara ilivyopita hapa, wapagazi wamechoka, huyu anataka chungu, yule mkeka wa kulalia, wenyeji wakatoa. Ndiyo maana mpaka leo ukiwa na shughuli, masufuria ya mtaa mzima ni yako, na mtu akikunyima utamtangaza mpaka Isikizya huko nje ya mji. Masinia yangu yamehudhuria harusi nyingi kuliko mimi. Sikatai. Lakini ngoja.

Bibi aliporudi akaokota yai moja, akalibandika shavuni. Akajifunga kanga ya pili, akashika njia ya nyumba ya harusi, mimi nyuma yake. Wanawake wamejaa uani wanachambua mchele.

"Shoga, tenga lako hili," yule mama akasema huku anacheka. "Usinitolee macho, litarudi na pilau juu."

"Tenga kaa nalo," bibi akamjibu. "Nirudishie joto."

Mmoja akadakia, "Bi Nyamizi, joto umelikosa tangu mzee afariki, leo unakuja kutudai sisi?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Bibi akawaacha wamalize. Kisha akasema, "Tenga litarudi. Joto likishatoka halirudi. Mle ndani mlikuwa na roho, ninyi mkaona fito."

Wakarudi kwenye mchele wao. Na katika mayai yale halikuanguliwa hata moja.

Sasa niseme kilichonipandisha mori uzee huu.

Mguu uliponikatalia kutembea, binti yangu aliyeko Dar aliniletea hapa kwangu, mtaa wa Ipuli, tangi la kioo, nipate cha kutazama. Ndani mchanga, majani yaliyopandwa yakashika mizizi, na samaki wawili wanaitwa diskasi. Bapa, mviringo kama kisahani cha chai, wekundu wenye michirizi ya bluu. Nilicheka kwanza. Samaki wa kutazama, na kitoweo hakuna? Shule niliishia darasa la nne, na samaki hatukuwafikia. Walinifundisha wenyewe. Maji ya bomba hawayataki moja kwa moja, yana dawa, kwa hiyo nayalaza kwenye ndoo kwanza. Wanataka uvuguvugu, kuna kijiti cha umeme cha kupasha. Umeme ukikatika nalifunika tangi kwa blanketi langu, mimi najikunja kwenye kanga. Na tangi la namna hii halisuguliwi likang'aa. Ule utelezi wa kwenye mchanga na kwenye sponji ya kuchujia ndio unaokula uchafu wao. Unafuta kioo, unapunguza maji kidogo, unaongeza kidogo, basi.

Wakataga juu ya jani pana. Baba na mama wakawa wanapokezana kuyapepea mayai kwa mapezi. Watoto wakatoka, wadogo kama majani ya chai, wakaganda ubavuni mwa wazazi wakila ute wa ngozi zao. Wananyonya, mwanangu. Na baba naye ananyonyesha. Wanaume niliowajua mimi, basi, hayo tuyaache.

Ukatokea msiba Urambo, nikapelekwa kwa gari. Nyumba nikamwachia mjukuu wangu Shabani, kijana mkubwa, fundi seremala, nikamwelekeza maji na chakula. Naye alikuwa kamati ya harusi ya rafiki yake, upande wa mapambo. Akaona ukumbi umepungukiwa. Wakapunguza maji tangi liwe jepesi, wakalipakia kwenye guta la magurudumu matatu, wakaliweka jukwaani mbele ya maharusi, jirani na spika kubwa kama kabati. Watu wakapiga picha. Na asubuhi yake, hapa ndipo ninapotetemeka mpaka leo, kwa kuwa chombo cha watu hurudishwa kisafi, wakaliosha. Kwa sabuni ya unga. Majani yakang'olewa ili pasuguliwe vizuri, sponji ikakamuliwa mapovu, maji ya bomba yakajazwa mpaka juu, samaki wakatolewa kwenye ndoo wakarudishwa. Juu ya mfuniko wakaniwekea sahani ya pilau.

Nikarudi. Tangi linang'aa kama la dukani. Jike anaelea ubavu, amekufa. Dume amekuwa mweusi, amejibana kwenye pembe. Watoto hakuna.

"Shikamoo, bibi," Shabani akasema.

Sikumwitikia.

"Tumeliosha vizuri kabisa, bibi. Hata mama wa bwana harusi kalisifu."

"Nani alikuruhusu?"

"Mbona masinia huwa tunachukua tu, wala huulizi."

"Sinia lina watoto?"

Akatazama chini. Halafu akatoa neno lililonichoma kuliko yote. "Bibi, ni samaki tu. Nitakununulia wengine."

Pilau lile nilimpa paka. Ni dhambi, Mungu anisamehe, na nyama ilikuwa nyingi.

Mnaniambia hasira hasara. Hapana. Hasara ilitangulia, hasira imekuja kuizika tu. Jana nimekaa mbele ya kioo, nikamwona yule dume anakwenda pale lilipokuwa jani, anatulia, anapepea mapezi. Anapepea mahali patupu.

Kwa hiyo shika neno langu, mwanangu. Kuazimana endeleeni, msije mkauvunja mji kwa sababu yangu. Masinia yangu yapo, njoo uchukue. Lakini kabla hujanyanyua kitu cha mtu, muulize mwenyewe, kisha tazama ndani. Ukikuta kinachopumua, kinachoatamia, kinachonyonya, kiache pale kilipo hata sherehe ikipooza. Chombo kinalipika, maji yakimwagika hayazoleki. Na ukishaharibu, usikimbilie kusema utanunua kingine. Kaa chini kwanza, ukitazame ulichokiua.

Shabani anaoa baada ya mavuno. Leo asubuhi nimemwitikia marahaba, kwa mdomo, moyo bado. Masinia nitampa yote.

Nanyi nyote Mungu awape nyumba zenye joto, na majirani wanaopiga hodi wakangoja kuitikiwa. Awape watoto wa kuwaganda ubavuni, na asitokee mtu wa kuwabandua hapo ili ukumbi wake upendeze. Amina.